Kinyama cha uvimbe wa titi kimechukuliwa, sasa wiki ya 6, majibu hakuna: tufanyeje?

Mama Kigogo: Wakuu, naomba ushauri. Mgonjwa ana miaka 44, uvimbe titi la kulia, hauumi, ngozi ya juu yake inabonyea. Zahanati walimpa antibayotiki mara 2, kisha hospitali ya wilaya wakachukua kinyama cha kupima. Kila tukienda: "Rudini wiki ijayo." Tusubiri au twende Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam?

Slaidi: Pole sana, dada. Msiulize kama majibu yametoka, ulizeni namba ya maabara. Kama hakuna namba, kichupa chenye kinyama hakijapokelewa patholojia, maabara inayosoma tishu. Waombe wafungue daftari la sampuli mbele yenu, muone tarehe iliyotoka na sahihi ya aliyepokea. Halafu ulizeni kiliwekwa kwenye nini. Kinatakiwa formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kinyama. Kikiachwa kwenye maji ya chumvi kinaoza, na hakuna mtaalamu atakayekisoma.

Nesi wa Wodi 4: Na antibayotiki ya tatu mkatae. Hana homa, hanyonyeshi, titi halina joto: hapo unatibiwa usaha gani? Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza, na dawa mbili hizo zimeshakula siku zake. Ocean Road mtakwenda, ila tibakemikali haianzishwi bila majibu ya patholojia.

Mama Kigogo: Asanteni. Walitumia sindano nyembamba, wakapaka kwenye vioo vya hadubini. Kichupa hakikuwepo.

Slaidi: Basi hicho si kinyama, ni chembechembe (seli). Zinaweza kuonyesha saratani, lakini hazisemi kama imevamia tishu za jirani, na kupima ER na PR (vipokezi vya homoni) na HER2 (protini ya seli) kwenye vioo hivyo ni shida. Bila vipimo hivyo 3 daktari hajui kama dawa za homoni au za kulenga HER2 zitamfaa. Aombe sindano nene, kwa ganzi, ikiongozwa na ultrasaundi, vipande 4 au zaidi. Asikubali uvimbe wote ukatwe kwanza "tuone ni nini". Ukikatwa kiholela, upasuaji wa pili unakuwa mgumu.

Nesi wa Wodi 4: Sindano nene ikikosekana hapo, rufaa iandikwe siku hiyohiyo. Bebeni vioo vyenyewe, si karatasi tu. Baadaye, akipimwa, ulizeni bloku ya nta, yaani kipande cha tishu kilichohifadhiwa ndani ya nta, inatunzwa wapi. Wengi huisahau, kisha mgonjwa anachomwa sindano upya.