Mtamba wangu ana damu moto, nataka kumpeleka Nane Nane Uyole: nimwandaeje?

Mama Kimondo (Isongole, Rungwe)

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Nina shida ya mtamba, na nimeona niulize sasa hivi Juni muda ukiwa bado upo.

Ni Friesian chotara. Mama yake ni wa hapa hapa nyumbani, baba ni mbegu ya chupa. Ana miaka miwili na miezi kadhaa, na ana mimba ya miezi minne. Anaitwa Kimondo. Jina alimpa mwanangu, maana alizaliwa alfajiri na jua lilipotoka alikuwa ameshapenya kwenye fito za banda yuko uani. Kikundi chetu cha wafugaji kimepewa nafasi ya kuonesha ng'ombe pale viwanja vya John Mwakangale, Uyole, Jumamosi na Jumapili ya Nane Nane, na wenzangu wote wamemchagua yeye. Nikimtazama akiwa ametulia naona hawajakosea. Mgongo umenyooka, kwato za nyuma anaziweka sawa, chuchu nne zimeachana vizuri, ngozi inang'aa bila kupakwa kitu.

Tatizo ni akishtuka. Hafanyi fujo kwanza. Masikio yanasimama, shingo inapanda, anaacha kutafuna huku jani likiwa bado linaning'inia mdomoni, kimya kabisa. Halafu unakuta ameshavuka hori. Kinachomtia wazimu ni vitu vya kawaida tu: mwavuli ukifunguliwa, turubai likipigwa na upepo, mtu mgeni mwenye koti la mvua. Mimi nikimpelekea matete ananilamba mkono. Hajawahi kutoka nje ya boma, kwetu tunafugia bandani tangu ndama hadi uzee.

Ushauri nilioupata kijijini ni wa aina tatu. Mmoja ananiambia nimtoboe pua nimtie pete. Mwingine anasema achomwe sindano ya kumtuliza asubuhi ya safari. Wa tatu anasema nimnyime maji na majani kutwa nzima achoke. Moyo wangu unakataa yote, lakini sina njia nyingine mkononi. Naomba mwenye uzoefu anieleze namna ya kumfundisha, namna ya kumpakia kwenye kenta, na zaidi ya yote: nitajuaje mapema kwamba hafai kwenda? Pale wanakuja watoto wa shule kwa mamia. Sitaki mtoto wa mtu aumie kwa ajili ya cheti.

Mzee wa Makete

Marahaba mwanangu. Mimi ujana wangu wote niliumalizia kwa Friesian wa shamba la serikali Kitulo, na msimu wa maonesho ukikaribia kazi yangu ilikuwa kuwafundisha kamba mitamba waliochaguliwa. Kwa hiyo nitaandika kirefu, uvumilie.

Kwanza, huyo mtamba si mkali. Ng'ombe mkali anakufuata, huyo wako anakimbia. Ingekuwa ni dume la Friesian ningekujibu mstari mmoja tu, usimpeleke, kwa sababu madume ya maziwa yameua watu waliokuwa wakiyalisha kila siku. Mtamba anayekimbia ni mtamba ambaye hajaona dunia. Umemlea kati ya kuta nne na hori, leo unataka akasimame mbele ya spika za muziki Uyole. Hapo lazima umwoneshe dunia kidogo kidogo, na miezi miwili inatosha ukianza wiki hii.

Pua usimtoboe. Tengeneza kamba ya kichwani, ya katani nene au ya pamba, usitumie nailoni maana inachuna. Kitanzi kipite nyuma ya masikio, kishuke, kizunguke pua. Ile ya puani ikae juu ya mfupa, katikati ya jicho na tundu la pua. Ikishuka hadi kwenye nyama laini utambana pumzi, na ng'ombe aliyebanwa pumzi anapigana na wewe kama anayezama. Mkia wa kamba utokee chini ya taya upande wa kushoto, na ukilegeza mkono kamba nayo ilegee. Hilo la kulegea ndilo shule yenyewe. Ng'ombe hajifunzi unapovuta, anajifunza unapoachia. Vuta kidogo, subiri, akinyanyua hata mguu mmoja kuja kwako, achia pale pale. Usipoachia kwa wakati umemfundisha kwamba kutii hakuna faida.

Siku za mwanzo mvalishe tu abaki nayo bandani. Kisha mfunge nusu saa kwenye nguzo isiyong'oka, kamba ikiwa usawa wa macho yake, fupi kiasi kwamba hawezi kuikanyaga, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kaa naye. Msugue kwa brashi chini ya shingo na kwenye shina la mkia, huko ndiko wanakopenda. Akishazoea, anza kumwongoza kwenda kunywa maji. Yaani maji asiletewe tena, ayafuate kwa kamba. Nakuomba sana usizungushe kamba mkononi wala kiunoni. Nimeona kidole kikiondoka.

Akishaongoza vizuri uani, mtoe. Njia ya jirani kwanza, kisha barabara yenye bodaboda, kisha karibu na shule watoto wakitoka. Mwavuli ulete nyumbani: uache umefunguliwa mbali na hori, kila siku usogeze kidogo huku anakula. Turubai hivyo hivyo. Redio iwashwe bandani kwa sauti. Akishtuka usimpige na usimkimbize. Yule mtaalamu wa Marekani wa tabia za mifugo, Temple Grandin, ameandika kwamba ng'ombe aliyepata hofu huhitaji dakika 20 hadi 30 mapigo ya moyo yarudi mahali pake, na huo ndio uzoefu wetu sisi pia. Ukimlazimisha ndani ya nusu saa hiyo unamwongezea hofu juu ya hofu. Simama naye, ngoja.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo limenifanya niandike. Kipimo changu ni kucheua. Mwisho wa Julai mpeleke mahali penye watu na kelele, pembeni ya soko siku ya gulio panafaa, msimamishe hapo. Hofu inakata kucheua, hakuna ng'ombe anayeigiza. Akianza kucheua mwenyewe huku watu wanapita, mpeleke Uyole bila wasiwasi. Kama amesimama tu, macho yametoka, taya halitembei, hata kama hajaruka, mwache nyumbani mwaka huu. Mwakani atakuwa ameshazaa, wengi hutulia wakianza kukamuliwa.

Jambo jingine, asiende peke yake. Mtamba aliyetengwa na wenzake ndiye anayevunja vitu. Mchukue na ng'ombe mzee mpole, ikiwezekana mama yake, wafungwe jirani.

Mtunza farasi, Mufindi

Mama, mimi si mtu wa ng'ombe, kazi yangu ni farasi kwenye shamba moja huku Mufindi. Ila farasi mwenye damu moto nao ni shida ile ile ya mnyama anayekimbia kwanza na kufikiri baadaye. Nachangia kwenye upakiaji tu, Mzee ameshamaliza mengine.

Kenta isije asubuhi ya safari. Ongea na dereva aje siku kadhaa kabla, arudi nyuma hadi kwenye kingo ya udongo ili sakafu ya gari na ardhi viwe usawa mmoja, na mnyama asipande wala kuruka. Sakafu mwage mchanga au maranda, juu yake nyasi alizozizoea. Bati tupu linalia likikanyagwa, na akiteleza mara moja kwenye gari hatasahau. Mpakie yule mzee mpole kwanza. Kimondo aingie, ale, atoke, basi, gari liende zake. Siku yenyewe mpakie jua likiwa juu, kusiwe na kivuli kirefu mlangoni. Kwa macho yao kivuli cheusi ni shimo. Anayesaidia nyuma asikae nyuma kabisa, kwa kuwa mnyama hamwoni pale na ndipo teke linapotoka. Asimame pembeni, nyuma kidogo ya bega.

Na mfikishe siku moja kabla. Farasi wa Kiarabu, ambao ndio wepesi kuliko wote ninaowajua, hatuwapeleki kwenye mkusanyiko saa watu wameshajaa. Tunafika jioni, tunawazungusha eneo lote wakiwa na mwenzao, wanakunywa, wanalala hapo. Kesho yake pameshakuwa pao. Uingereza farasi anayepiga teke hufungwa utepe mwekundu mkiani ili watu wakae mbali. Uyole wageni hawataijua alama hiyo, kwa hiyo wewe weka kamba ya uzio hatua mbili kutoka kwake na mtu wa kuzuia watoto, na kitako chake kielekee ukutani.

Kuhusu sindano, sisi wakati mwingine daktari huwachoma farasi wakati wa kukata kwato. Kwa ng'ombe sijui, afisa mifugo aseme.

Afisa Mifugo wa kata

Nasema. Dawa inayotumika sana kutuliza ni zailazini, na ng'ombe anaihisi mno: anahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya kipimo cha farasi. Mtu akibahatisha, ng'ombe analala ndani ya kenta, tumbo linajaa gesi, cheuo kinaingia kwenye mapafu. Tena inabana mfuko wa uzazi, na huyu ana mimba. Dada yangu, hapana kabisa. Na kumnyima maji kutwa ni ukatili, utapata ng'ombe aliyechoka na bado ana hofu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi mimi ni kupe. Isongole ni baridi, kupe wa masikio ni wachache, kwa hiyo Kimondo huenda hajawahi kukutana na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe hao, na hana kinga. Viwanjani wanakutana ng'ombe wa kila ukanda, hadi waliotoka joto la Kyela. Mnyunyizie dawa ya kupe kabla ya safari, ndani ya masikio na chini ya mkia usiruke, na urudie akirudi. Halafu kwa wiki tatu mpime joto. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Ikifika 40 na tezi chini ya sikio imevimba, usisubiri kesho, ita daktari, maana ikiwahiwa inatibika na ikicheleweshwa inaua. Chanjo ya ndigana kali ipo, ila kwa sababu ana mimba zungumza na daktari wako kwanza.

Ugonjwa wa miguu na midomo: achanjwe sasa, isiwe wiki ya maonesho, kinga inahitaji wiki mbili tatu kujengeka. Akirudi atengwe na wenzake siku 14, na viatu ulivyovaa viwanjani vioshwe kabla hujaingia bandani.

Kibali cha kusafirisha utakipata kwa ofisi ya mifugo ya halmashauri yako baada ya mnyama kukaguliwa, nenda siku chache kabla. Hereni ya utambuzi hakikisha iko sikioni, sheria ya utambuzi ya 2010 inaitaka. Agosti atakuwa na mimba ya miezi sita. Safari ya Isongole hadi Uyole anaiweza, dereva akienda taratibu kwenye kona.

Mama Kimondo

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Nimesoma na mwanangu, tumesoma tena. Kamba ya kichwani tumeshasuka, ya katani. Siku ya kwanza alijirusha hadi akapiga magoti, leo amenifuata kutoka mlangoni hadi kwenye pipa la maji, kamba imelegea, na nilipoachia alisimama akanisubiri. Sikutegemea mapema hivi. Mwavuli bado hataki kuuona.

Chanjo afisa wetu anakuja Alhamisi. Mama yake Kimondo ataenda naye, kikundi kimekubali kulipia nafasi yake kwenye gari.

Nimebaki na moja. Mwanangu ana miaka 13, ndiye anayemsugua kila jioni, na ndoto yake ni kumwongoza yeye mbele ya majaji. Mnasemaje?

Mzee wa Makete

Kimondo hapana, mwanangu. Nyumbani amwongoze wewe ukiwa umeshika kamba ya pili, hiyo ni sawa na inamjenga. Uyole kamba ashike mtu mzima ambaye Kimondo anamjua kwa kumlisha, na hapo naona ni wewe mwenyewe. Vaa nguo zile zile atakazokuona nazo wakati wa mazoezi, buti na kofia, usije na kitenge kipya kinachopepea. Agosti Uyole kuna upepo na vumbi.

Kijana mpe kamba ya yule ng'ombe mzee, mama yake Kimondo. Naye ataingia uwanjani, tena atangulie, maana mtamba atamfuata mama yake. Majaji huuliza maswali kwa anayeongoza: umri, uzao, analishwa nini, amechanjwa lini. Mfundishe hayo yote aweze kujibu kwa ng'ombe wote wawili.

Mwavuli usogeze polepole zaidi, na pumba ziwekwe jirani yake.