Barua ya kujieleza: neno "kusudi" limenigeuka, naombeni ushauri

Mlinzi wa Zamu: Habari za jioni wakuu. Nalinda ghala la samaki. Juzi usiku umeme ulikuwa unakatika na kurudi, nikahofia majokofu, nikazima swichi kuu. Samaki wakaharibika. Nikatakiwa kujieleza, nikaandika: "Nilizima umeme kusudi, majokofu yasiungue." Bosi kapiga mstari mwekundu chini ya "kusudi", anasema nimekiri kosa. Kikao ni kesho asubuhi. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Kiswahili: Pole ndugu yangu. Umeponzwa na mkato. "Kusudi" likishikana na kitenzi cha lengo, kama "kusudi yasiungue", ni sawa na "ili". Likiachwa peke yake, "nilizima kusudi", ni kielezi: umedhamiria. Bosi kasoma akaishia kwenye mkato.

Dada wa Tanga: Na hilo neno linauma jamani. Mtoto akija analia "kanikanyaga makusudi!" anashtaki huyo. Sijasikia mtu akisema "kanisaidia makusudi".

Mwalimu wa Kiswahili: Kwa mazungumzo ya nyumbani ni kweli, dada. Ila kwenye hotuba utasikia "tumeamua kwa makusudi kujenga zahanati", na hapo ni sifa. Asili yake ni Kiarabu, maqsud, kilichokusudiwa. Lawama tumeiongeza wenyewe.

Karani wa Mahakama: Mdogo wangu, usije ukaandika "nilizima kwa bahati mbaya". Swichi uliizima ukijua unaizima, na ukikana hilo hata ukweli wako hautaaminika. Tenganisha kitendo na matokeo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatenganisha kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, na kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196. Aliyekufa kafa kote kuwili, kinachopimwa ni dhamira. Lako si la jinai, lakini mizani ni hiyohiyo: kuzima ulikusudia, samaki kuoza hukukusudia.

Mlinzi wa Zamu: Asanteni sana, nimepumua. Je, hivi: "Nilizima umeme ili majokofu yasiungue. Sikukusudia samaki waharibike."

Mwalimu wa Kiswahili: Safi. "Ili" haina sura mbili.

Karani wa Mahakama: Ulimjulisha mtu usiku ule?

Mlinzi wa Zamu: Nilimpigia msimamizi mara tatu, hakupokea. Namba bado ziko kwenye simu.

Karani wa Mahakama: Hiyo ndiyo sentensi ya tatu. Andika na saa.