Ushauri: paa bapa, slabu ya kutokeza mita 3.6 na kona ya vioo. Niige majengo gani yaliyoshinda tuzo?

Mchora_Ramani
Habari za saa hizi wadau. Naomba ushauri kabla ramani haijapelekwa kwa mhandisi.

Ni nyumba ya chini, paa bapa la zege, ukingo wa sm 60 kuzunguka pande zote. Kona ya sebule ni vioo vitupu, hakuna nguzo. Kipande kikubwa kina mita 3 kwa 2.4. Juu ya kona hiyo slabu ya paa inatokeza nje mita 3.6, unene mm 200, na mwenye nyumba hataki inenepe hata kidogo. Ukuta mmoja mrefu utabaki zege tupu, bila plasta wala rangi.

Mifano aliyoleta ni ya karne ya 20, na kwa maneno yake yote "imeshinda tuzo": Fallingwater, Farnsworth House na Salk Institute za Marekani, na Villa Savoye ya Ufaransa. Je, mm 200 zinatosha? Na katika hayo majengo, yapi ya kuigwa mpaka kwenye viungio, yapi ya kutazamwa picha tu?

Nondo_Juu
Hazitoshi, mkuu. Kantileva, yaani slabu iliyoshikwa upande mmoja tu, hushindwa kwa kupinda kabla haijafikiria kuvunjika. Hesabu ya haraka: chukua urefu unaotokeza, gawanya kwa 7, ukiongeza nondo unaweza kugawanya kwa 10. Jibu ndilo kina cha chini kabisa, kikipimwa kutoka katikati ya nondo za juu hadi tumbo la slabu. Mita 3.6 kwa 10 ni mm 360. Slabu yako ya 200, ukitoa kava (zege linalofunika nondo) na nusu ya nondo, inabaki na mm 165 hivi. Hiyo ni saizi ya kutokeza mita 1.5, basi.

Hapo bado ukingo. Sm 60 kwenda juu na sm 15 unene ni kilo 225 kwa kila mita, na umeuning'iniza nchani, mahali pabaya kuliko pote. Ukilinganisha na uzito wa slabu yenyewe, ukingo huo unaongeza robo nzima ya nguvu ya kupindisha pale ukutani, na theluthi ya kushuka kwa ncha.

Sasa Fallingwater. Terasi kuu ya nyumba hiyo ya msanifu Frank Lloyd Wright inatokeza kama mita 4.5 juu ya maporomoko. Mbao zilizoshikilia zege zilipoondolewa, ncha ikashuka inchi 1 na robo tatu, karibu mm 45, na hapo nondo zilikuwa zimeshaongezwa mara mbili ya zilizochorwa, jambo ambalo Wright hakulifurahia. Zege chini ya mzigo wa kudumu huendelea kupinda polepole kwa miaka. Kufikia miaka ya 1990 mshuko ulikuwa takriban inchi 7, yaani mm 180. Mwaka 1997 ikawekewa mihimili ya muda chini. Mwaka 2002 mawe ya sakafu yakang'olewa, nyaya za chuma zikapitishwa kando ya boriti na kuvutwa kwa nguvu. Nyaya hizo hazikuirudisha terasi ilikokuwa, zilizuia isiendelee kushuka.

Kuna jambo pale wengi hawalioni kwenye picha: vyuma vya fremu za madirisha ya sebule vinapitisha mzigo wa terasi ya juu kwenda ya chini. Ya juu ikilemewa, inaiegemea ya chini kupitia dirisha. Wewe hapo una kioo.

Na kwenye saiti kosa ni lilelile siku zote. Nondo kuu za kantileva hukaa juu, si chini. Mafundi wakizikanyaga wakati wa kumwaga, zikashuka mm 40 tu, kina chako kinatoka 165 hadi 125. Nguvu imepungua karibu robo, na ugumu wa kukataa kupinda umepungua zaidi ya asilimia 40. Ukiitazama kwa nje hutajua kitu. Kwa hiyo viti vya nondo kila sm 80, mbao za kukanyagia zilizokaa juu ya viti vyake zenyewe, na mtu mmoja mwenye futi kazi yake kupima kava zege likiwa bado bichi. Nondo hizo ziingie ndani ya nyumba kwa kawaida mara moja na nusu ya urefu unaotokeza. Mirunda itolewe kuanzia nchani kuja ukutani. Ukianza ukutani, umeigeuza slabu iliyoegemea ncha, wakati tumboni haina nondo za kazi hiyo.

Kijiwe_Cha_Zege
Tuzo zenyewe za kupeana tu. Pruitt-Igoe ilitunukiwa, na ikaishia kulipuliwa.

Rula_na_Penseli
Huo ni uvumi uliorudiwa mpaka ukaonekana ukweli. Pruitt-Igoe ya St. Louis, Marekani, majengo 33 ya makazi ya ghorofa 11 yaliyosanifiwa na Minoru Yamasaki, haikuwahi kupewa tuzo ya usanifu. Kubomolewa kwake kulianza 1972, hilo ni kweli.

Ila hoja ya tuzo ina maana, kwa sababu hazipimi kitu kimoja. Tuzo ya usanifu ya Pritzker, tangu 1979, hupewa mtu, si jengo. Medali ya Dhahabu ya RIBA, taasisi ya wasanifu ya Uingereza, ni hivyohivyo. Kwa hiyo msanifu kuwa na Pritzker hakukuambii lolote kuhusu paa lake. Tuzo ya Aga Khan, iliyoanzishwa 1977, hutuma wataalamu wakakague jengo papo hapo likiwa linatumika. Na Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani, AIA, ina tuzo ya miaka 25: jengo lazima liwe limesimama miaka 25 hadi 35. Kwa kazi yako, hizi mbili za mwisho ndizo za kuanzia.

Kwenye orodha ya mteja: Farnsworth ilipata hiyo ya miaka 25 mwaka 1981, Salk 1992. Fallingwater ilichaguliwa na wanachama wa AIA mwaka 1991 kuwa kazi bora ya usanifu wa Marekani ya nyakati zote, lakini hiyo ni kura, haikukagua nondo. Villa Savoye sifa yake ni ya urithi: Ufaransa iliiorodhesha 1965, UNESCO ikafuata 2016.

Hata hivyo usiziabudu. Farnsworth ilituzwa 1981, na maji ya mto yalikuwa yameshaingia ndani mwaka 1954, ingawa sakafu iliinuliwa mita 1.6 kutoka ardhini. Yakaingia tena 1996. Tafuta ripoti za ukarabati wa jengo, zisome kabla ya picha.

Maji_Hayapandi
Kwenye paa, Villa Savoye ni somo la bure. Nyumba ilikamilika 1931. Miaka michache baadaye mwenye nyumba alikuwa akimwandikia msanifu wake, Le Corbusier, kwamba mvua inaingia ukumbini, kwenye njia ya mteremko na kwenye ukuta wa gereji. Paa bapa lisiwe bapa kweli. Chora mteremko wa 1 kwa 40 ili baada ya makosa ya mafundi upate walau 1 kwa 80. Ukichora 1 kwa 80, utapata madimbwi.

Sasa unganisha na alichosema Nondo_Juu. Kwenye mita 3.6, mteremko wa 1 kwa 80 ni mm 45. Ncha ikishuka mm 45, kama ile ya Fallingwater siku ya kuondoa mbao, mteremko wa kurudi nyumbani umekwisha wote. Maji yanatuama nchani nyuma ya ukingo, sm 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, ncha inashuka tena, dimbwi linakua tena.

Ningefanya hivi: ukingo urudi kwenye mstari wa ukuta, usifike nchani. Sehemu inayotokeza iwe kama kofia tu, mteremko wake uelekee nje, maji yadondoke huru, chini ya ncha kuwe na mfereji mdogo wa kukatia matone, upana mm 15 na kina hivyohivyo. Hapo ncha ikishuka kidogo inasaidia mteremko. Na umeondoa kilo 225 kwa mita.

Ndani ya ukingo: utando wa kuzuia maji upandishwe ukutani hadi mm 150 juu ya sakafu ya paa iliyokamilika, si juu ya zege tupu. Matundu ya kutolea maji yasipungue mawili, kisha kipitishio cha dharura ukutani, juu kidogo ya matundu hayo, ili yakiziba majani usiwe na bwawa. Mgongo wa ukingo uinamie ndani. Ukiinamia nje, mistari myeusi itaonekana ukutani baada ya msimu mmoja wa mvua. Kabla ya kufunika utando, ziba matundu, jaza maji sm 5, acha saa 24, kagua dari.

Kioo_Wima
Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa mita ya mraba kwa kila mm ya unene. Kipande chako cha mita 3 kwa 2.4, kikiwa cha mm 10, ni kilo 180. Uzito huo ukae kwenye vipande viwili vya mpira mgumu, kila kimoja robo ya upana kutoka pembeni. Kioo kisiguse chuma popote. Acha mm 5 kuzunguka, na fremu iwe na vitundu vya kutolea maji chini, kwa sababu silikoni siku moja itaachia.

Fremu ya juu isiibane slabu. Acha nafasi ya mm 20 hadi 25 yenye kizibo laini, na mhandisi athibitishe kwamba slabu haitashuka kuzidi hapo. Bila nafasi hiyo kioo ndicho kitakuwa nguzo, na kioo kibaya sana kwa unguzo.

Mifano miwili ya kujifunzia. Lever House ya New York, 1952, tuzo ya miaka 25 mwaka 1980: nje chuma kisichoshika kutu, lakini nyuma yake fremu za chuma cha kawaida. Maji yakapenya, kutu ikavimba, vioo vikapasuka, na ukuta wote wa vioo ukabadilishwa takriban miaka 50 baada ya kujengwa. John Hancock Tower ya Boston, ya msanifu Henry Cobb kwenye ofisi ya I. M. Pei: kuanzia 1973 vioo vilikuwa vinaanguka, mashimo yakazibwa kwa plaiwudi. Chanzo kilikuwa kiungio cha madini ya risasi kati ya tabaka mbili za kioo, kigumu mno kiasi cha kutovumilia kutanuka na kusinyaa. Vyote 10,344 vikabadilishwa. Tuzo ya miaka 25 ilikuja 2011, kwa jengo lenye vioo vya pili!

Na joto. Farnsworth ina mlango upande mmoja na vidirisha viwili vidogo upande wa pili, basi. Kiangazi tanuri, baridi vioo vinatoa jasho. Kona yako iwe na vipande vya kufunguka pande mbili zinazoelekeana, kimoja chini kimoja juu.

Mchora_Ramani
Nimewaelewa wakuu, shukrani sana. Slabu inapunguzwa hadi mita 1.5, ukingo unarudi kwenye ukuta. Mwenye nyumba anang'ang'ania 3.6 angalau upande mmoja. Na ule ukuta wa zege tupu?

Nondo_Juu
Akitaka 3.6, aweke nguzo mbili nyembamba za bomba la chuma nje ya vioo, hapo siyo kantileva tena. Au boriti zilizonenepa ukutani na kuchongoka kuelekea nchani. Macho huona ncha, hayaoni shina. Hakuna njia ya tatu ya bei ya kawaida.

Fundi_Mbao
Ukuta wa zege tupu, mwige Louis Kahn, msanifu wa Salk, na mwige kwenye viungio. Salk (1965) haikuficha kitu. Pale mbao zilipokutana, akaacha mstari uliochomoza wa umbo la V, kwa hiyo majimaji ya saruji yaliyovuja yakawa pambo badala ya aibu. Matundu ya vyuma vilivyoshika mbao yakapangwa kwa vipimo na kuzibwa kwa risasi, yakaachwa yaonekane. Baadaye hakuna kusaga wala kuziba kasoro.

Jengo la Bunge la Dhaka, Bangladesh, la Kahn huyohuyo, lililopata tuzo ya Aga Khan 1989, lilitatua tatizo la kazi ya jana kukutana na ya leo. Zege lilimwagwa kwa kimo cha mita 1.5, na kwenye kila kiungio pakawekwa mkanda wa marumaru wa sm 15. Kiungio kibaya hakionekani, na mkanda unakatisha maji yanayotiririka ukutani. Kwa mafundi wa kawaida huo ndio mfano salama kuliko Salk.

Usimwage mita 3 kwa mkupuo. Chini mbao zitasukumwa na tani 7 na nusu kwa kila mita ya mraba. Zikijikunja mm 5, mwanga wa jioni utakuonyesha tumbo kila siku. Tabaka za sm 40 hadi 50, vibreta kila sm 45 na iingie sm 10 kwenye tabaka la chini. Saruji ya kiwanda kimoja, mchanga wa shimo moja, maji kwa kipimo, si kwa jicho. Mbao zote zitolewe zege likiwa na umri uleule, kwani sehemu iliyofunikwa siku nyingi zaidi huwa nyeusi zaidi. Kava mm 40. Okota vipande vya waya wa kufungia vilivyodondoka chini kabla ya kumwaga, kwa sababu kila kimoja ni doa la kutu baadaye.

Kabla ya yote, mwaga sampuli ya mita 1.2 kwa 1.2 yenye kona moja, kiungio kimoja na tundu moja, kwa mafundi walewale na mbao zilezile. Mwenye nyumba aisaini. Isibomolewe mpaka ukuta mzima ukamilike.