Naomba ushauri: kupima mvutano wa uso wa lehemu iliyoyeyuka
Wakuu, nataka kupima mvutano wa uso (nguvu inayoufanya uso wa kimiminika ujikaze kama ngozi) wa lehemu ya bati na risasi ikiwa imeyeyuka. Ile yenye bati asilimia 63 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi tu, hivyo tanuru dogo la maabara linatosha. Nitaweka tone juu ya bamba la grafiti, nilipige picha kutoka ubavuni, kisha nikokotoe kwa umbo lake na densiti.

Kinachonisumbua hasa ni oksijeni. Utando mwembamba wa oksidi ukitanda, umbo la tone si la kuaminika tena. Je, ili kuizuia, argoni (gesi isiyoungana na metali) ya mitungi ya mafundi wa kuchomelea itafaa, au niichuje kwanza? Hidrojeni nayo hutumika dhidi ya oksidi, lakini huwaka kwa urahisi, hivyo karibu na tanuru naiogopa. Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali.