Bwawa la Baba, Bombambili, Songea: gumzo la kikundi cha familia

JUMATATU

Odilo (saa 12:41 asubuhi): Shikamooni. Samaki wako juu ya maji tangu alfajiri, wanafungua midomo tu. Nimepiga picha

Odilo: [picha]

Gaude (12:43): Wote au baadhi? Wametapakaa au wako sehemu moja?

Odilo: Wengi dada. Pale mfereji unapoingilia ndio wamejazana. Wadogo wawili wamekufa

Gaude: Usiwape chakula. Hata kiganja kimoja. Na yeyote aliyeko nyumbani asitupe kitu humo leo wala kesho

Gaude: Wamekosa hewa hao. Mchana ule ukijani wa maji unatoa hewa, usiku unaivuta yenyewe pamoja na samaki, ikifika alfajiri imekwisha. Jua likipanda watashuka na mtadhani wamepona. Kesho watakuja juu tena na watakufa wengi tusipofanya kitu leo

Kasto (saa 1:10): Shikamoo dada. Hao wako misa ya kwanza, waacheni wamalize 😂

Stela: 😂😂😂

Zawadi: Kasto jamani

Gaude: Kasto uliondoka jana. Mabaki ya pilau ya Jumamosi yalikwenda wapi?

Kasto: Kipaimara ni ya wote dada. Tumeshiba sisi, na wenzetu wakaonja

Odilo: Sufuria mbili. Na ugali wa Ijumaa. Nilisema wakaniambia nina roho mbaya

Stela: Pilau la Songea hadi samaki wanaliomba 😂 Mimi huku Mwanza sato wa kilo na nusu hajui hata harufu ya binzari

Kasto: Stela usituringie na ziwa la serikali

Gaude: Naomba tusikilizane. Wali wenye mafuta unazama, unaoza chini, na kuoza kunakula hewa ileile ambayo samaki wanaigombania. Halafu unatoa amonia inayowachoma mashavu wanakopumulia. Na huu ni mwezi wa 6. Perege maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hana hamu ya kula, kwa hiyo kila mnachomtupia kinalala chini kilivyo

Gaude: Odilo, ingiza mkono kwenye maji taratibu, kiganja kimelala. Unaacha kukiona maji yakiwa wapi?

Odilo (1:32): Hayajafika hata nusu ya kwenda kwenye kiwiko

Gaude: Ni mazito mno. Kiganja kingepotea maji yakigusa kiwiko tungesema sawa. Kile kiroba cha samadi ya kuku pale pembeni kitoe sasa hivi kiweke mbali. Chukua chandarua cha zamani uopoe kila kinachoelea. Waliokufa wafukie, wasilale humo

Odilo: Sawa. Kambale wao wanaonekana wazima kabisa

Gaude: Kambale anavuta hewa ya juu kama sisi, usimtumie kupima. Mwangalie perege

Kasto: Basi tufuge kambale tupu, hawana mambo mengi

Zawadi: Mama hali kambale Kasto, unajua

Gaude: Tunatakiwa kutoa theluthi ya maji, na tutoe ya chini maana ndiyo yaliyooza, kisha tuingize mapya. Yaingie mchana jua likiwa kali, yasiwe ya baridi ya asubuhi. Na yaanguke kutoka juu yapige kelele, hapo ndipo yanabeba hewa. Zamu yetu ya mfereji lini?

Odilo: Jumatano

Gaude: Jumatano ni mbali. Bwawa ni mita 10 kwa 20, kina mita moja. Theluthi yake kwa ndoo huwezi hata ukiita mtaa mzima. Inatakiwa pampu ivute kutoka kisimani

Gaude: Kaka Fide, shikamoo. Pampu ya Baba iko wapi?

(Saa tatu nzima hakuna aliyeandika.)

Gaude (saa 4:50): Kaka Fide naona umesoma

Kasto: Hapo sasa 🍿

Stela: Kasto nyamaza

Benedikta (5:20): Shikamooni wote. Mama anaendeleaje na goti?

Odilo: Yuko vizuri dada, yuko jikoni

Gaude: Bene karibu. Ukimaliza salamu soma juu

Fidelis (saa 8:05 mchana): Marahaba. Nilikuwa shambani, huku ni msimu wa kahawa, simu naiacha nyumbani. Pampu ipo. Ilikufa nikaitengeneza kwa hela yangu mwenyewe, nikabadilisha na mpira wa kuvutia. Hakuna aliyeniuliza wakati ule

Gaude: Ilikuja Mbinga kwa siku tatu kaka. Baba alikuwa bado mzima

Fidelis: Na Baba alipolala hospitali nani alikuwa analala naye? Hiyo mbona haiandikwi humu?

Kasto: Eeh

Fidelis: Eeh nini wewe. Wewe ndiye ulivuna lile bwawa Pasaka ile, ndoo kwa ndoo, hadi leo hatujui ziliuzwa wapi

Kasto: Ziliuzwa Lizaboni sokoni na hela alipewa Mama mkononi. Muulizeni Mama

Fidelis: Mama tutamuuliza nini na wewe unajua Mama hasemi

Zawadi: Jamani hapa tulikuwa tunaongelea samaki

Gaude: Tunaongelea samaki. Kaka pampu ipakie kwenye gari la kesho asubuhi, Odilo ataipokea stendi. Nauli ya mzigo nalipa mimi. Ya hospitali tutaikalia tukikutana

Fidelis: Siwezi kufungua pampu kesho. Nina kahawa kwenye maji

Gaude: Kaka samaki hawana hadi keshokutwa

Stela: Kwani jirani hana pampu ya kukodi?

Odilo: Ipo ya bwana wa nyanya, ila anataka mafuta na elfu kumi kwa siku

Gaude: Nimetuma elfu 20 kwenye simu yako sasa hivi. Ikodi. Nyie wengine mtanirudishia, najua humu mnasoma wote

Odilo (saa 11:30 jioni): Imevuta saa tatu. Nilitoa ya chini kwanza kama ulivyosema. Yananuka vibaya, meusi

Gaude: Asante mdogo wangu. Kesho saa 11 alfajiri amka uwaangalie. Wakiwa juu, chota kwa ndoo umwage kutoka juu, endelea mpaka jua litoke

JUMANNE

Odilo (12:15 asubuhi): Wamekuja juu wachache. Wamekufa wanne. Nimemwagia kwa ndoo, wameshuka

Gaude: Afadhali. Leo tena hakuna chakula. Vuta maji mengine mchana kama jana

Stela: Pole Odilo. Na kenge yule bado yupo?

Odilo: Yupo. Na mdiria wawili wanakaa kwenye waya wa umeme, wanasubiri wakija juu

Kasto: Hao ndio wanakamati halisi 😂

Gaude: Sasa niseme la kulisha ili lisirudi. Odilo ulipima wale 20 wiki ile?

Odilo: Ndiyo. Kilo 2 na gramu 400 wote 20

Gaude: Ina maana mmoja gramu 120. Tulipandikiza 400, tuseme wapo wote, ni kilo 48. Maji yakiwa ya moto unawapa asilimia 3 ya uzito wao, haifiki hata kilo moja na nusu kwa siku. Kwa baridi hii nusu kilo inatosha, mara moja tu, saa 8 au 9 mchana maji yakiwa yameota jua. Wewe ulikuwa unaweka ngapi?

Odilo: Sado asubuhi, sado jioni. Mama alisema Baba alikuwa anaweka hivyo

Gaude: Baba alikuwa anaweka hivyo mwezi wa 11, kwenye joto, na alikuwa anasimama pale pale. Anagonga ndoo, wanakuja kona moja, anatupa kidogo kidogo. Wakiacha kugombania anafunga ndoo. Robo saa hivi basi. Hakuwa anamwaga na kuondoka

Zawadi: Kweli, hata watoto walikuwa wanajua ule mlio

Gaude: Na pumba tupu haiwakuzi. Kwa kilo 10 changanya pumba ya mahindi kilo 4, mashudu ya alizeti kilo 3, unga wa dagaa kilo 3. Dagaa wawe safi, wasiwe na mchanga, wa Nyasa wanapatikana hapo sokoni. Shikiza kwa uji mzito wa muhogo, pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, anika. Ukiona ukungu hata kidogo tupa, ile sumu kuvu inaua ini la samaki na la mtu pia

Kasto: Dagaa kilo 3?? Yaani samaki wale samaki kuliko mimi

Stela: 😂😂

Gaude: Kasto nahitaji mchango wako. Kila mmoja elfu 15, chakula cha miezi miwili, chokaa ya kilimo na wavu wa kufunika juu. Mpaka sasa nimetoa mimi na Stela

Stela: Yangu nilituma nusu

Gaude: Nimetoa mimi, na Stela nusu

Zawadi: Ya Kasto nitatuma mimi jioni

Kasto: Mke wangu hajambo

Gaude: La mwisho ndilo kubwa. Hata tukiwalisha vizuri hawatakua. Tulichanganya majike na madume, perege akifika miezi mitatu hivi anaanza kuzaa, bwawa lote sasa limejaa vitoto vinavyogombania chakula. Ndiyo maana wana umri wote huo na ni gramu 120. Napendekeza mwezi wa 9 baridi ikiisha tukaushe, tuvune wote, udongo wa chini ukae juani wiki mbili, tuweke chokaa, tupandikize madume tupu. Ruhila pale kituo cha samaki tuulizie vifaranga mapema. Nani anakwenda kuuliza?

Gaude (saa 10:20 jioni): Nani anakwenda Ruhila?

Gaude (saa 2:15 usiku): Odilo utakwenda wewe

Odilo: Dada mimi mwezi wa 9 naenda chuo. Nilisema kwenye kipaimara

Gaude: Nani atalisha ukiondoka?

(Hakuna jibu.)

JUMATANO

Baba Mkubwa (saa 1:02 asubuhi): Hamjambo. Ni mimi Sabina ninaandika, Babu anasema niandike anavyosema yeye

Odilo: Shikamoo Baba Mkubwa

Gaude: Shikamoo Baba Mkubwa

Stela: Shikamoo Baba Mkubwa 🙏

Kasto: Shikamoo Baba

Baba Mkubwa: Marahaba. Nimesomewa yote tangu juzi. Fidelis pampu ya mdogo wangu itoke Mbinga. Ilikuwa mbovu, uliitengeneza, nimesikia, utarudishiwa. Itoke

Baba Mkubwa: Habari ya hospitali tuliimaliza matangani mbele ya watu wazima. Anayetaka kuifungua aje Peramiho anifungulie mimi, asiandike kwenye simu

Baba Mkubwa: Kasto mabaki ya chakula wanapewa nguruwe

Baba Mkubwa: Na wewe Gaudensia. Umesema vizuri na tumekuelewa. Lakini bwawa lisikaushwe mpaka nifike nilione. Lilipochimbwa nilishika jembe na mimi. Na siku ya kuvuna, majirani wa chini wanaopitisha mfereji wapewe kwanza, kama alivyokuwa anafanya yeye. Hao hawakuwekwa kwenye hesabu yako

Baba Mkubwa: Babu amemaliza. Anasema mlisheni mama yenu samaki Jumapili, waliobaki wazima

Odilo: Sawa Baba Mkubwa

Kasto: Tumesikia Baba

Stela: Tumesikia

Benedikta: Tumesikia Baba Mkubwa

Gaude (1:40): Tumesikia Baba Mkubwa. Majirani nitawaweka. Tungeomba ufike kabla ya mwezi wa 9 kuisha, maana mvua zikianza kukausha ni kazi na vifaranga vitatukuta hatuko tayari

(Baba Mkubwa amesoma.)

Fidelis (saa 6:30 mchana): Pampu nitaipakia Ijumaa. Mpira wa kuvutia unabaki, ni wangu

Gaude: Kaka pampu bila mpira inavuta nini?

Fidelis: Mtanunua mwingine

Odilo: Leo asubuhi hakuna aliyekufa. Wamekuja juu kidogo tu, wakashuka kabla ya jua. Maji ya mfereji yameanza kuingia sasa hivi

Stela: Mungu mkubwa 🙏

Gaude: Vizuri sana Odilo. Kesho mchana jaribu gramu 200 tu, gonga ndoo, uone kama wanakuja. Wasipokuja acha hadi Jumamosi. Na pale mfereji unapoingilia weka wavu, tusiingize samaki wa mtoni wala vyura

Kasto: Jumapili mimi nataka wa kuchoma, anitumie mtu picha

Zawadi: Nimetuma elfu 15 dada Gaude, angalia

Gaude: Imefika, asante wifi. Bado Bene, bado kaka Fide, bado nusu ya Stela. Na swali langu la nani atalisha Odilo akiondoka halijajibiwa. Mama na lile goti hawezi kushuka kule chini kila siku

Gaude (saa 3:10 usiku): Bene wewe uko Njombe, ukimtoa kaka Fide ni karibu kuliko sisi wote

Benedikta (4:45 usiku): Ndio nasoma sasa. Huo mchango ni wa mwezi au wa mara moja?