Naomba ushauri: transfoma yetu inachemka kila alasiri

Salamu wakuu. Niko Malindi, nasimamia stima kwenye kiwanda kidogo cha barafu. Wateja wetu ni wavuvi. Tuna transfoma ya mafuta ya kVA 315. Tangu kaskazi iingie, geji ya mafuta hufika digrii 88 saa tisa alasiri, usiku hushuka hadi 60 hivi. Mzigo haujaongezeka, mafuta hayajapungua. Mapezi ya kupozea yameshika chumvi na vumbi, nashuku hapo.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba geji inapima mafuta ya juu tu, na koili ndani huwa na joto zaidi. Nilifundishwa kuwa koili ikipita digrii 98, kila 6 zinazoongezeka hupunguza kwa nusu umri wa karatasi inayofunika waya zake ili zisigusane. Halafu nimegundua waya za kutoka kwa geji kwenda kwenye breka zilikatwa zamani (eti "ilikuwa inasumbua"!). Yaani hakuna kengele wala kujizima.

Nikizirudisha, kengele niiweke digrii ngapi, na kujizima ngapi, kwa joto hili la pwani? Na mapezi, nikishazima niyaoshe papo hapo kwa maji au nisubiri yapoe? Aliyewahi kufunga feni za nje anieleze pia, kama zilisaidia.