Re: Kupata watu ugenini (na danadana zingekuwa za duara)

Wapendwa habari zenu,

Yule kaka aliyeuliza namna ya kupata watu wa kucheza nao mpira huku ugenini bila kulipia klabu, mimi nilichukua mpira nikaenda bustanini nikaanza danadana peke yangu, watu wanasimama wanarekodi na simu halafu haoo wanaondoka, miezi miwili hakuna hata mmoja aliyeomba pasi. Ndo nikaanza kuwaza, hivi fristaili (hizi danadana za staili na mbwembwe) ingekulia njia nyingine ingekuwaje?

Maana hii tuliyonayo imezoea mtu mmoja na watazamaji. Maradona Munich 1989 anapasha misuli kabla ya nusu fainali na Bayern, kamba za viatu zimefunguka, mpira haudondoki, macho yote kwake. 2008 ikaja fainali ya dunia ya Red Bull Street Style, mashindano ya fristaili, kule São Paulo, wawili wanapokezana mpira, majaji wanaamua, Séan Garnier wa Ufaransa akabeba. Basi kijana akijifunza anawaza kumfunika mwenzie tu.

Sasa ingefuata chinlone, mchezo wa mpira wa miguu wa jadi wa Myanmar, je? Watu 6 kwenye duara, mmoja katikati anafanya staili zake, wengine wanazunguka wanamlisha mpira wa henzerani, hakuna timu pinzani, ukidondoka mnauokota mnaanza upya. Kemari, mchezo wa kale wa kupigiana mpira wa Japani, nayo haina timu pinzani, karne na karne. Fristaili ya namna hiyo sifa angepewa anayeokoa pasi mbovu, na mgeni asiyejua lugha angeingia tu, maana kwenye duara pengo linaonekana kwa macho, huhitaji kuomba.

---

Dada nakuelewa ila pambano usilibeze. Bila pambano Tokuda wa Japani, bingwa wa Street Style, tungemjulia wapi 2012, na zile staili za kukaa chini mpira unazunguka miguuni nani angezibuni huku anasubiri pasi? Hata chinlone ilipoingia Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia 2013 iliwekewa pointi.

---

Kweli kaka, za kukaa chini ningezikosa sana, nazipenda mno. Ila pointi ni za siku ya mashindano, bustanini hakuna jaji. Siku hizi mtu akisimama kutazama nampigia pasi ya chini taratibu kabla hajatoa simu, anarudisha, tumeanza. Wiki iliyopita tulifika wanne. Jumamosi saa kumi jioni naenda tena, kaka uliyeuliza njoo, viatu vya soli bapa vinatosha.